KITWITWI: MAANA, MUUNDO NA MATUMIZI YA JINA LA NDEGE MDOGO WA UFUONI

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo kamusini na kuyapita kwa haraka ni majina ya ndege. Akiisha kusoma kwamba neno fulani ni "aina ya ndege", hufunga kamusi akiamini amepata maana, ilhali alichopata ni kizingiti tu cha maana yenyewe. Neno kitwitwi ni mojawapo ya majina ya namna hiyo. Aliyelisikia huenda akajua kwamba ni ndege mdogo aonekanaye kando ya maji. Hata hivyo, akiulizwa kwa nini ndege huyo ameitwa hivyo, jina lake huchukua upatanisho gani katika sentensi, au kama linamtaja ndege mmoja au ndege wa aina nyingi, jibu huwa gumu.

Makala haya yanachunguza neno kitwitwi kwa kuzingatia kirejelewa chake, sauti zake, umbo lake la kisarufi, uhusiano wake na majina jirani, na namna linavyopaswa kufasiliwa kamusini. Hoja inayotetewa ni kwamba kitwitwi si jina duni linalongoja kuondolewa na jina la kigeni. Ni jina la jumla lenye msingi madhubuti, na linachohitaji ni kufasiliwa vyema na kuongezewa maneno ya kulibainisha. Suala hili haliwahusu wapenzi wa ndege pekee. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza. Lugha iliyopewa hadhi hiyo haina budi kuweza kuwataja kwa usahihi viumbe wanaoishi katika ufuo ilikozaliwa.

Kirejelewa cha neno

Ogden na Richards, katika kazi yao ya mwaka 1923, walieleza maana kwa kutumia pembetatu yenye ncha tatu: alama (yaani neno), dhana iliyomo akilini, na kirejelewa, yaani kitu chenyewe duniani. Udhaifu wa fasili kama "aina ya ndege" ni kwamba inampa msomaji alama na kumwachia dhana hafifu, pasi na kumfikisha kwa kirejelewa. Hivyo basi, ni vyema kuanza na ndege mwenyewe.

Ndege anayeweza kuchukuliwa kuwa kielelezo cha vitwitwi ni yule ambaye wanasayansi humwita Actitis hypoleucos. Urefu wake ni takriban sentimita 20, na uzani wake ni kama gramu 50. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo lake ni jeupe, na weupe huo hupanda kidogo mbele ya bawa. Miguu yake ni myembamba na mdomo wake umenyooka. Alama kubwa ya kumtambulisha ni mwendo wake: asimamapo juu ya jiwe au ukingoni mwa maji, sehemu ya nyuma ya mwili wake haitulii, bali hupanda na kushuka bila kukoma. Akishtuliwa, huruka chinichini juu ya maji kwa mapigo mafupi ya mabawa yaliyokakamaa, huku akitoa mlio mwembamba unaokaririwa.

Ndege huyu hutaga mayai na kulea makinda Ulaya na Asia. Huanza kufika Afrika Mashariki mnamo Julai na Agosti, na wengi huondoka kufikia Aprili au Mei. Katika kipindi hicho huonekana katika Hori ya Mida karibu na Watamu na kwenye mlango wa Mto Sabaki kaskazini mwa Malindi. Isitoshe, huonekana kandokando ya Ziwa Naivasha, ukingoni mwa mito na hata kwenye mabwawa ya bara. Kwa sababu hiyo, kumfasili kitwitwi kama "ndege wa pwani" ni kumfungia nje sehemu kubwa ya makazi yake. Usemi "ndege wa kando ya maji" humfaa zaidi, kwa kuwa maji hayo yaweza kuwa ya bahari, ziwa, mto au bwawa.

Sauti na maana

Mwanaisimu Mswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, alishikilia kwamba uhusiano kati ya neno na maana yake ni wa nasibu. Hakuna kitu chochote katika mti kinachoulazimisha uitwe mti. Majina yanayoiga sauti huonekana kupinga kanuni hiyo, na Saussure mwenyewe aliyajadili. Jibu lake lilikuwa kwamba majina hayo ni machache, na kwamba hata hayo huigwa kwa kufuata mazoea ya kila lugha.

Neno kitwitwi laweza kuchukuliwa kuwa mfano mzuri wa pande zote mbili za mjadala huo. Kwa upande mmoja, sehemu -twitwi inalandana na mlio wa ndege mwenyewe: silabi moja nyembamba, ya kukatika, inayorudiwa. Sauti [t] ni kipasuo kisichoghuna, nayo huanza ghafla kama mlio unavyoanza. Kiyeyusho [w] huitelezesha sauti kuelekea irabu, na [i] ni irabu ya mbele iliyo juu, ambayo sikioni ndiyo nyembamba kuliko irabu zote tano za Kiswahili. Takriri ya silabi inawakilisha kukaririwa kwa mlio.

Kwa upande wa pili, neno hili limefuata sheria za Kiswahili wala si sheria za ndege. Silabi zake zote tatu, ki-twi-twi, ni wazi, yaani zinaishia kwa irabu. Muundo wa konsonanti, kiyeyusho na irabu ulio katika twi ndio huo huo unaopatikana katika neno twiga. Mkazo nao umetua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ada ya Kiswahili. Lugha nyingine zina mazoea yake. Mathalan, Wajerumani humwita mmoja wa jamaa za ndege hawa Kiebitz, nao Waholanzi humwita ndege huyo huyo kievit. Mlio ulioigwa ni mmoja, lakini umepokewa kwa masikio mawili. Kiswahili chenyewe kilipokopa kutoka Kiarabu jina hudhud, ambalo pia huiga sauti, kiliongeza irabu ili silabi zifunguke, likawa hudihudi.

Kuna jambo jingine linalostahili kuzingatiwa. Mwaka 1929 Edward Sapir alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wakipewa maneno ya kubuni, aghalabu huihusisha irabu [a] na ukubwa na irabu [i] na udogo. Baadaye, Brent Berlin alichunguza majina ya ndege katika lugha ya Wahuambisa wa Peru, akaona kwamba irabu [i] hujitokeza zaidi katika majina ya ndege wadogo. Kitwitwi, lenye irabu [i] katika kila silabi, linaafikiana na mwelekeo huo, kama ilivyo kwa chiriku kwa kiasi fulani. Linganisha na kwarara na dudumizi, majina ya ndege wakubwa zaidi wenye sauti nzito. Hata hivyo, huu ni mwelekeo tu. Jina mbuni huishia kwa irabu [i], na mbuni ndiye ndege mkubwa kupita wote.

Iwapo chimbuko la jina hili ni mlio, basi kuna maana iliyofichika ndani yake. Mlio huo wa kukariri husikika hasa pale ndege anaposhtuliwa akaruka. Kwa hiyo, kinachohifadhiwa na jina ni sauti ya ndege mtu anapomkaribia, tofauti na wimbo wa ndege aliye kiotani, ambao husikika kule anakotagia. Jina la kisayansi Actitis lina asili ya Kigiriki na humaanisha mkaazi wa pwani, na hypoleucos humaanisha mwenye weupe upande wa chini. Mwanasayansi alimtaja ndege kwa mahali na rangi. Mswahili akamtaja kwa kile alichosikia alipokuwa akipita ufuoni.

Muundo na upatanisho wa kisarufi

Neno hili lina umoja kitwitwi na wingi vitwitwi. Kwa kigezo cha mofolojia, viambishi ki- na vi- vinaliweka pamoja na kitabu/vitabu na kiti/viti. Kwa kigezo cha sintaksia, ambacho ndicho kinachofuatwa zaidi katika ufundishaji wa Kiswahili nchini Kenya, neno hili limo katika ngeli ya A-WA kwa kuwa linamtaja kiumbe mwenye uhai. Tazama mifano ifuatayo:

1. Kitwitwi mmoja ametua juu ya jabali.
2. Vitwitwi wawili wametua juu ya jabali.
3. *Kitwitwi kimoja kimetua juu ya jabali.

Sentensi ya tatu si sanifu, kama vile isivyo sanifu kusema *kiboko kimoja kimezama au *kipepeo kimoja kimeruka. Viboko, vifaru, vinyonga na vipepeo wote hubeba umbo la ki-/vi- na kuchukua upatanisho wa A-WA. Kosa la aina hii huwapata wanafunzi wengi kwa sababu macho hutangulia kuona kiambishi kabla akili haijakumbuka uhai.

Swali linalofuata ni kama ki- ya kitwitwi ni kiambishi cha udogo, jinsi ilivyo katika kidege. Neno kidege lina ndege nyuma yake. Kitwitwi halina ndege mkubwa aitwaye *twitwi ambaye kitwitwi ni udogo wake. Kiambishi ki- hapa kimeshikamana na shina likawa jina la kawaida. Ushahidi zaidi ni kwamba neno hili lenyewe laweza kudunishwa kwa utaratibu uleule wa kitabu kuwa kijitabu: kitwitwi huwa kijitwitwi. Katika hali hiyo ya udogo, upatanisho wa KI-VI unakubalika: Kijitwitwi kile kimejificha nyuma ya jiwe. Anayesema hivyo anaonyesha huruma au dharau kwa makusudi.

Vilevile, inafaa kutenganisha jina hili na tanakali za sauti. Tanakali kama chubwi au pu huandamana na kitenzi: alitumbukia chubwi, alianguka pu. Hazina umoja wala wingi. Kitwitwi, hata kama lilianza kama sauti, limepata ngeli, wingi na umilikishi. Limekwisha kuwa raia kamili wa sarufi.

Kitwitwi na majirani zake

Maana ya neno hudhihirika zaidi linapowekwa kando ya maneno mengine ya uwanja mmoja wa kisemantiki. Ndege wa ufuoni wana majina kadhaa katika Kiswahili, na kila jina lina njia yake ya kutaja.

Sululu ni ndege wa ufuoni aliye mkubwa kuliko vitwitwi, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Sululu pia ni chombo cha kuchimbia ardhi ngumu. Ukitazama mdomo wa ndege na chuma cha chombo, umbo lililopinda ni lile lile. Hapa mwanasemantiki hukumbana na swali la kawaida: je, haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa sadfa, yaani homonimu, au ni neno moja lililopanuka maana, yaani polisemi? Jibu lolote litakalotolewa, mfanano wa maumbo humsaidia mwanafunzi kukumbuka maana zote mbili.

Chekeamwezi ni jina la ndege mwenye miguu mirefu na macho makubwa, ambaye hutembea na kulia usiku. Jina hili ni ambatani, limeundwa kwa kitenzi chekea na nomino mwezi, na muundo wake ungali wazi kwa kila msemaji. Ndege ametajwa kwa tabia yake.

Shakwe ni ndege wa baharini aliye mkubwa kuliko kitwitwi, mwenye vidole vilivyounganishwa kwa ngozi, naye huogelea. Yangeyange ni ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Kitwitwi hafanani na yeyote kati ya hawa wawili. Yeye hutembea tu kwenye tope na maji haba, akidokoadokoa wadudu, minyoo na kaa wadogo. Anayewaita wote "ndege wa baharini" anakuwa ameufuta uwanja mzima wa maana kwa kifutio kimoja.

Jina moja, ndege wengi

Tatizo kubwa la neno kitwitwi ni upana wake. Jina hili halimtaji Actitis hypoleucos peke yake. Hutumiwa kwa ndege wadogo wengi wa kando ya maji ambao wanasayansi huwagawa katika zaidi ya familia moja. Wapo wanaoona upana huu kuwa dalili ya umaskini wa Kiswahili. Maoni hayo hayana msingi. Berlin, Breedlove na Raven, katika makala yao ya mwaka 1973, walionyesha kwamba lugha za jamii mbalimbali huwa na majina ya msingi yaliyo mafupi kwa makundi ya viumbe, na aina za ndani ya kundi hupatikana kwa kuliongezea jina hilo neno la kubainisha. Kiswahili hufanya hivyo kila siku kwa ndizi, muhogo na embe. Kitwitwi ni jina la msingi la namna hiyo, na mlango wa kulibainisha uko wazi.

Umuhimu wa kulibainisha ulijitokeza mwaka 2024. Katika mwaka huo, Orodha Nyekundu ya IUCN, ambayo hupima hatari ya viumbe kutoweka duniani, ilimpandisha Calidris ferruginea hadi kundi la viumbe walio hatarini. Ndege huyu huzaliana katika nyika baridi za kaskazini mwa Siberia, na wengi wao hupitisha kipindi cha baridi ya huko katika fuo za Afrika, zikiwemo za Kenya. Actitis hypoleucos, kwa upande wake, hakuwa katika hatari hiyo. Mwandishi wa habari anayeandika kwamba "vitwitwi wamo hatarini" atakuwa amesema kweli kuhusu mmoja na kukosea kuhusu mwingine. Akitumia jina la Kiingereza, mvuvi na mwanafunzi wa shule ya msingi, ambao ndio majirani wa ndege huyo, hawataelewa ni ndege yupi anayepungua mbele ya macho yao.

Majina yafuatayo yanapendekezwa ili yajadiliwe:

(a) Kitwitwi mtikisa-mkia, kwa Actitis hypoleucos, kutokana na mwendo wake usiotulia.
(b) Kitwitwi-sululu, kwa Calidris ferruginea, kwa kuwa mdomo wake umepinda kama wa sululu.
(c) Kitwitwi wa mawimbi, kwa Calidris alba, ambaye hulikimbilia wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja.
(d) Kitwitwi-mkufu, kwa Charadrius hiaticula, mwenye utepe mweusi kifuani.

Pendekezo la pili linafunza jambo moja kuhusu uundaji wa istilahi. Neno la Kilatini ferruginea humaanisha rangi ya kutu. Mfasiri wa sisisi angemwita ndege huyu "kitwitwi kutu". Lakini rangi hiyo ni vazi lake la msimu wa kuzaliana. Katika miezi mingi awapo Kenya huwa wa kijivu, na mwanafunzi anayetafuta ndege mwekundu katika Hori ya Mida mwezi Desemba atarudi mikono mitupu. Mdomo uliopinda, kinyume chake, haubadiliki kwa msimu. Istilahi bora ni ile inayotokana na kinachoonekana pale ambapo lugha inazungumzwa.

Tahadhari inahitajika pia kuhusu vivumishi. Calidris minuta ni mdogo mno, na jina lake la Kilatini husema hivyo. Hata hivyo, kumwita "kitwitwi mdogo" kutaleta utata, kwa kuwa kirai hicho chaweza kumaanisha kinda la kitwitwi yeyote au kitwitwi mwenye umbo dogo. Kivumishi cha sifa kinachoweza kumfaa kila mwana wa kundi hakifai kuwa jina la mmoja wao.

Fasili inayofaa

Kwa kuzingatia yaliyojadiliwa, kidahizo hiki kingeweza kufasiliwa hivi:

kitwitwi nm (vi-) [a-/wa-] ndege mdogo wa kando ya bahari, ziwa au mto, mwenye miguu myembamba, ambaye hutembea kwenye tope, mchanga au mawe akitafuta wadudu, minyoo na kaa wadogo; aghalabu hulia kwa sauti nyembamba inayokaririwa aanzapo kuruka.

Fasili hii inataja makazi, umbo, chakula na sauti. Upatanisho umeonyeshwa ili mwanafunzi asipotoke. Mfano wa matumizi ungeongezwa: Maji yalipokupwa, vitwitwi walishuka kwenye tope kutafuta chakula.

Hitimisho

Imebainika kwamba neno kitwitwi ni jina la jumla la ndege wadogo wa kando ya maji, lenye umbo la ki-/vi- na upatanisho wa A-WA, na sauti zinazolandana na mlio wa ndege mwenyewe. Upana wake si kasoro, mradi watumiaji wawe tayari kuongeza neno la kubainisha pale usahihi unapohitajika.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya kuchangia kazi hii wenyewe. Wengi wao hutoka katika vijiji vilivyo karibu na bahari, maziwa na mito. Wakati wa likizo, kila mmoja anaweza kuwauliza wazee, wavuvi na wachuuzi wa samaki majina ya ndege wanaowajua, kisha aandike mambo manne: jina lenyewe, mlio wa ndege, mahali aonekanapo na miezi anayoonekana. Mambo hayo manne ndiyo yanayokosekana katika fasili ya "aina ya ndege", na yakikusanywa yatawafaa watunga kamusi, walimu na wahifadhi wa mazingira. Vitwitwi huondoka kila mwaka na kurejea. Jina likishaondoka midomoni mwa wasemaji, si rahisi lirejee.